Kabla ya Raha Kulikuwa na Njaa

Picha ya kwanza ambayo mtu wa bara hupiga akishuka Mombasa ni ileile kila mwaka. Anasimama Moi Avenue, chini ya zile pembe kubwa za ndovu zilizopishana juu ya barabara, miwani ya jua usoni, na anaiposti kabla hata hajaoga. Ratiba nyingine hufuata baadaye: Fort Jesus asubuhi, ngamia na tyubu za kuelea pale Jomo Kenyatta Public Beach ambako sote tunakuita Pirates, feri ya Likoni, mchanga mweupe wa Diani, na mwenye chapaa kidogo anaongeza mashua ya Wasini akaone pomboo. Mombasa raha. Desemba bila hiyo, si ni kama hukuishi mwaka?

Pembe zile, lakini, si pembe. Ni aluminiamu. Zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa heshima ya familia ya kifalme ya Uingereza, wakati barabara yenyewe ikiitwa Kilindini Road, na tangu hapo zimekuwa nembo ya mji. Hilo wengi wanalijua. Tusilolizungumzia ni kwamba miaka mia moja na ushei kabla ya hapo, pembe za kweli zilikuwa zinaingia mji uohuo juu ya mabega ya vijana, na wengi wa vijana hao walitoka Kitui. Hawakuwa wamekuja likizo. Kilichowatoa nyumbani kilikuwa njaa.

Kwetu ni Kitui, kwa hivyo historia hii naisoma nikiwa nimesimama upande mmoja wa barabara. Lakini nadhani hata kama kwenu ni Kakamega au Kawangware, inakuhusu. Ile Pwani tunayoijua ya bichi na madafu ni changa sana. Imezidi miaka 70 hivi kidogo tu. Kuna Pwani nyingine iliyoitangulia, na njia ya kwendea huko ilikuwa inapita Kitui na Makueni.

Tuanze na neno moja la Kikamba: kuthuua. Maana yake ni kutoka na kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine wakati kwenu hakuna. Ukambani kuna mvua mbili kwa mwaka, na mara nyingi moja inakosa adabu. Ikikosa ya pili pia, hiyo sasa ni yua, na yua hupewa jina kama mtoto. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa kalenda, walihesabu kwa njaa. Ngomanisye, ile ya mwisho wa karne ya 19, iliyomkuta kila mtu kila mahali. Nikw'a Ngwete, ya kuanzia 1979 na 1980, ambayo maana yake ni "nafa nikiwa nimeshika", yaani pesa mkononi zipo ila chakula cha kununua hakipo. Ukimuuliza susu alizaliwa lini, atakutajia njaa.

Sasa mtu anayekwenda kuthuua haendi mikono mitupu. Anabeba kitu: mishale, sumu ya mishale, minyororo myembamba ya chuma ambayo wahunzi wa Ukambani walisifika kwayo, ugoro. Anabadilisha kwa nafaka au kwa mbuzi. Mwaka ambao mvua ni nzuri, uhusiano aliouanzisha kwa ajili ya chakula anautumia kwa biashara tu. Wanahistoria waliochunguza jambo hili wanaona kwamba kutokana na safari hizi ndogo za tumbo ndiko kulikokua misafara mikubwa ya pembe za ndovu. Kufikia miaka ya 1820 na 1830, Wakamba hawakungoja tena Wamijikenda wawaletee bidhaa za Pwani. Walikuwa wanashuka wenyewe, mamia kwa mkupuo, wakivuka nyika ya Taru isiyo na maji hadi Rabai, na kutoka hapo pembe zinaingia Mombasa. Warudipo wanabeba merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, chumvi.

Hebu pima umbali huo kwa miguu. Leo kutoka Mtito Andei hadi Mombasa ni takriban kilomita 240 na tunalalamika basi halina chaji ya simu. Hao walitembea zaidi ya hapo, wakiwa na pembe begani, kwenye nchi ambayo kisima kimoja kikikauka msafara mzima unaweza kuishia njiani.

Aliyejulikana zaidi kati yao ni Kivoi wa Mwendwa, tajiri wa Kitui. Huyu alikuwa na wake wengi, watumwa, na watu wa kumfuata popote. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe na mtoto wao huko katika miezi ya kwanza tu, alimfahamu Kivoi kutokana na biashara hiyo ya Pwani. Mwaka 1849 Krapf akafunga safari kwenda kwake. Alipanda kupitia Taru na vilima vya Taita, akapita Kikumbulyu, ambayo leo ni sehemu ya Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, akavuka mto Athi na kuingia Kitui. Yaani alitumia, zaidi au pungufu, njia ambayo sisi tunaitumia kushuka kwenye raha, ila yeye alikuwa anaelekea upande wa pili.

Kule Kitui, Kivoi alimweleza kuhusu mlima mkubwa wenye kitu cheupe kichwani. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakafunguka na Krapf akauona kwa macho yake. Mabwana wengine wa jiografia huko London walikataa kabisa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Lakini jina lilishaandikwa. Wakamba waliuita mlima ule kwa matamshi yao, Kinyaa, ambalo wengi hulieleza kuwa ni mahali pa mbuni, kwa sababu ya weusi na weupe wa manyoya yake. Jina hilo ndilo lililokuja kuwa la mlima kwenye ramani, kisha la koloni, kisha la nchi. Ukiipata stempu ya pasipoti ya Kenya, kumbuka jina hilo lilipita kwanza kwenye midomo ya wafanyabiashara wa Kitui wanaojua njia ya baharini.

Kivoi hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwaka 1851 alikuwa safarini kuelekea mto Tana pamoja na Krapf walipovamiwa. Kivoi aliuawa. Krapf alitokomea porini peke yake, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki ili asife kwa kiu, na akafika Rabai akiwa hoi. Biashara iliendelea bila Kivoi, ila siku zake zilikuwa zinahesabika. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilianza kuingia bara yenyewe, tembo wakazidi kurudi mbali, na kufikia miaka ya 1870 Wakamba hawakuwa tena wenye njia.

Kuna jambo moja katika kipindi hicho ambalo ndilo lililonifanya niandike. Si kila aliyeshuka alirudi. Katika njaa ya miaka ya 1830, familia nzima za Wakamba zilihamia karibu na Pwani na kukaa huko. Krapf alipoanza kazi yake Rabai katika miaka ya 1840, tayari kulikuwa na vijiji vya Wakamba maeneo hayo. Ukipita leo Mariakani au Kinango unasikia Kikamba sokoni, na wengine wa wanaokizungumza hawana shamba wala jamaa Kitui. Mababu zao wa mababu walizikwa hukohuko. Hilo liweke akilini, tutalihitaji.

Halafu likaja lile nyoka la chuma. Ukambani kila mtoto amesimuliwa habari ya Syokimau, nabii wa kike aliyesema kwamba litakuja joka refu linalotema moto na moshi, likitoka maji hadi maji. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ikipita katikati ya nchi ambayo sasa ni Makueni. Ndiyo iliyozaa miji tunayoipita usingizini: Mtito Andei, jina ambalo kwa Kikamba ni msitu wa tai, Kibwezi, Makindu, Emali, na Sultan Hamud, mji wa nyika uliopewa jina la sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed. Makindu wakajenga gurdwara mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, anaweza kuingia akapewa chakula bila kuulizwa anatoka wapi. Katika ratiba zote za likizo ya Pwani nilizosoma, hicho ndicho kituo ninachokipenda kuliko vyote, na wala hakiko Pwani.

Lakini reli ilibadilisha kitu kingine pia. Sasa bahari ilikuwa siku moja tu kutoka kwetu, ila aliyeamua nani aende na kwa nini alikuwa mtu mwingine. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao na kuwauza kwa bei ya kutupa, kwa madai kwamba wamezidi na wanaharibu ardhi. Muindi Mbingu akawaongoza watu kutoka Machakos hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Serikali ililazimika kuurudisha nyuma mpango wake wa ng'ombe. Muindi Mbingu mwenyewe ilimkamata na kumhamishia mbali. Unajua ilimpeleka wapi? Lamu. Kile kisiwa cha punda na majahazi ambacho leo watu wanaweka akiba mwaka mzima wakakione, kwake kilikuwa kifungo.

Miaka 10 baadaye, 1948, ikatangazwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, imepakana na Kitui upande mmoja na Makueni upande mwingine. Wawindaji Wakamba na Wawaata, ambao mababu zao ndio waliolisha soko la pembe la Mombasa, wakaamka wakiwa majangili. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 ilifanyika operesheni kubwa ya kuwakamata. Sisemi ujangili ni sawa, tembo nawapenda kama wewe. Nasema tu kwamba pembe ileile iliyomfanya Kivoi awe mtu mkubwa ilimfanya mjukuu wake awe mfungwa, na tembo yuleyule akawa kitu cha kupigwa picha na mgeni anayeshuka baharini. Wauzaji wa likizo walishaligundua: wiki moja mbugani, wiki moja bichi. Nyali Beach Hotel ilikuwa imefunguliwa mwaka 1946, na katika miaka ya 1960 na 1970 hoteli zikapangana kutoka Diani hadi Malindi, ndege za kukodi zikileta Wajerumani na Waingereza waliotoroka baridi yao.

Na hapo ndipo Wakamba wakashuka tena. Safari hii walibeba mti.

Inavyosimuliwa, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kijana mmoja wa Wamunyu, ng'ambo tu ya Athi kutoka Kitui, Mutisya wa Munge, alipelekwa Tanganyika na jeshi la Waingereza. Huko akawaona wachongaji wa vinyago. Wengine husema walikuwa Wamakonde, wengine Wazaramo. Alirudi na ujuzi huo, akawafunza wa nyumbani kwake, na kijiji kikageuka karakana. Wachongaji walitawanyika kila palipo na mzungu wa kununua. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, wakaunda chama cha ushirika Mombasa, Akamba Handicraft, pale Changamwe, kwenye barabara iendayo uwanja wa ndege. Mtalii hawezi kuondoka bila kupita mlangoni pao. Hiyo ni akili ya biashara ambayo Kivoi angeipigia makofi.

Ukiingia mle ndani utaona vibanda vimebanana, na vumbi la mbao limetanda kila mahali. Kila mtu ana mnyama wake. Huyu ni wa twiga maisha yake yote, yule ni wa kifaru, wa tatu anatoa Mmasai na mkuki. Shoka linakata umbo, tezo inalipunguza, kisu kinatoa macho na masikio, kisha msasa, na mwisho rangi ya viatu inayofanya mti wa kawaida ung'ae kama mpingo. Kwa miaka mingi walitumia muhugu, hadi muhugu ukaanza kuadimika misituni na wakahimizwa kuhamia mwarobaini, ambao unaota haraka na Pwani umejaa. Kwa hivyo kile kinyago alichonacho shangazi yako kabatini huenda ni hivi: Mmasai, aliyechongwa na Mkamba, kwa mtindo uliotoka Tanganyika, kwa mti wenye asili ya Bara Hindi, kwenye ardhi ya Wamijikenda, kikauzwa kwa Mjerumani kama Afrika halisi. Na bado ni halisi. Kimelipa karo ya shule Kitui.

Ningependa kuishia hapo kwa kicheko, ila kuna usiku wa tarehe 13 Agosti 1997. Kundi la wavamizi lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kuchukua silaha, kisha likageukia nyumba na vibanda vya watu wa bara. Vikaratasi vilisambazwa vikiwaambia warudi kwao. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakakimbia, Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza fujo za kikabila iliona mkono wa wanasiasa. Watalii walifuta safari, hoteli zikafunga, na vinyago vikakaa rafuni vikishika vumbi.

Warudi kwao wapi? Ndilo swali lililonikaa. Kwa mwenye duka aliyefika juzi, sawa, kuna kijiji mahali fulani. Lakini kwa yule wa Rabai au Kinango, ambaye watu wake walikimbia njaa ya miaka ya 1830, "kwao" ni wapi baada ya miaka 160?

Hata hivyo, hasira ya wenyeji haikutoka hewani. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi wakiwa maskwota kwenye ardhi ya mababu zao, kwa sababu aliyekuwa na karatasi ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenyewe. Baadaye viwanja vya bichi vikaenda kwa wenye uwezo na wenye marafiki serikalini. Na Wakamba pia tulipewa sehemu: kuanzia miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwahamishia baadhi yao kwenye mashamba ya Shimba Hills, huko Kwale, huku Mdigo wa jirani akitazama. Mtu anaweza kuwa mkimbizi wa njaa na bado akawa amekalia kitu ambacho mwingine anakililia. Hayo mawili yote ni kweli, na kuyaficha nusu hakumsaidii yeyote.

Kwa hiyo sikuombi usishuke Mombasa. Shuka bana, bahari ni tamu. Reli mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na Emali, Kibwezi na Mtito Andei zote zina stesheni zinazong'aa ambazo wengi wetu tunazitazama tu kupitia dirishani. Hata barabara ya kutoka Kitui kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi sasa ni lami, kwa hivyo mtu wetu hana tena haja ya kuzunguka Machakos ili afike njia ya baharini. Aprili 2020, korona ilipofunga Mombasa, Kilifi na Kwale na ndege za nje zikasimama, ilibainika jinsi bichi inavyotegemea mgeni wa mbali. Zilipofunguliwa, aliyerudi kwanza kujaza vyumba alikuwa Mkenya mwenye mkoba wa mgongoni. Hiyo ni habari njema.

Ila jua kwamba unapoteremka, unapishana na watu. Wiki ya Krismasi mabasi ya kwenda Kitui na Makueni yanajaa watu wa Nairobi wanaorudi nyumbani kula mbuzi na jamaa zao. Wa kutoka Mombasa ni wachache zaidi, maana Desemba ndio msimu, na katika msimu mfanyakazi wa hoteli hapewi ruhusa. Anayekuletea madafu Diani, anayetandika kitanda chako Bamburi, anayekupigia ngoma jioni huku ukila pweza, kuna uwezekano mkubwa mama yake yuko Mutomo au Wote akingoja ujumbe wa M-Pesa. Krismasi ya nyumba hiyo huliwa Januari, wewe ukishaondoka.

Simu ya mama inalia, pesa zimeingia, anatuma mtoto dukani akalete unga. Wakamba wana neno la jambo hilo, na limekuwepo tangu kabla ya Kivoi.